Mbwa wa kulinda mbuzi na kondoo Dodoma: mchague mama yake kwanza

Fisi akishachukua mbuzi wawili, mfugaji wa siku hizi hufungua simu na kutafuta mbwa mkubwa. Anaonyeshwa picha za German Shepherd, Rottweiler na Boerboel, anatajiwa bei ya laki kadhaa, na anaanza kuhesabu mbuzi wa kuuza ili ampate. Mimi nasema asubiri. Kwa ufugaji wetu wa kanda ya kati, kuanzia Manyoni na Bahi hadi Kongwa na Mpwapwa, na kupanda hadi Chemba na Kondoa, mbwa anayemfaa mara nyingi yuko kijiji cha jirani na anatolewa bure au kwa kuku mmoja. Kinachomfanya awe mlinzi ni mama aliyemzaa na malezi ya miezi minne ya kwanza. Jina la aina yake linakuja baada ya hayo, tena kwa mbali.

Maelezo haya nimeyaelekeza zaidi kwa mbuzi na kondoo. Hao ndio wanaoliwa sana, na ndio mbwa huwazoea kwa urahisi.

Hatua ya kwanza: mjue anayekula

Usitafute mbwa kabla hujajua unapambana na nani, na anakuja saa ngapi.

Fisi huja usiku. Nyayo zake zina alama za kucha, na mguu wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Hula mpaka mifupa, kwa hiyo asubuhi unakuta damu, manyoya na uchafu wa tumbo, basi. Kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya mifupa hiyo. Chui ana nyayo za mviringo zisizoonyesha kucha. Hukaba koo, na anaweza kuruka ua na mtoto wa mbuzi mdomoni. Mbweha huvizia vitoto vilivyozaliwa malishoni, hasa alfajiri na jioni. Nyani, kwenye vilima vyetu vya mawe, hufanya kazi mchana kweupe, na mtoto mwenye fimbo hamtishi sana.

Ukikuta mbuzi watano wamejeruhiwa mapajani na masikioni, wawili wamekufa na hakuna aliyeliwa, usimsingizie fisi. Hao ni mbwa wanaozurura, na pengine mmojawapo anatoka kwako. Na kama hakuna damu hata tone, mlango wa zizi umefunguliwa kwa utaratibu na pembeni kuna alama ya tairi la pikipiki, jibu unalo.

Majibu haya yanaamua mengi. Mbuzi wakiliwa malishoni, unahitaji mbwa atakayetembea nao kutwa. Wakiliwa zizini, unahitaji mbwa atakayelala nao, lakini kwanza tengeneza ua. Hakuna mbwa anayeziba tundu. Ongeza miba ya migunga mpaka ua ukae juu na mnene, panda minyaa kwa nje uwe ua hai wa miaka ijayo, na mlango uwe wa mbao au bati unaofungwa kwa komeo, maana tawi la mwiba lililosukumwa na mtoto jioni halimzuii fisi. Wazee wa Kigogo waliiona hatari hii zamani: nyumba ya tembe ilizunguka zizi, watu na mifugo wakalala mahali pamoja. Siku hizi tumejenga nyumba ya bati huku, zizi tumelisogeza kule, na kati yake ndimo fisi anapopita.

Jambo jingine la kukubali mapema: fisi mkubwa hufika kilo 60, na mbwa wetu wa kawaida ana kilo 15 hadi 20. Kazi ya mbwa si kushinda vita. Kazi yake ni kugundua mapema, kubweka, kusimama kati ya adui na mbuzi, na kukuamsha wewe. Mnyama wa porini akijua ameonekana, mara nyingi huenda kutafuta pengine. Wanaokaa karibu na Ruaha, Rungwa, Kizigo na Muhesi wana simba, na kwa simba mbwa ni kengele tu. Wanategemea ua imara na watu wanaoamka.

Hatua ya pili: elewa kwamba mbwa wa geti hafai zizini

Mbwa wa geti amefundishwa kumchukia kila anayeingia. Mbwa wa kuwinda huamshwa na kitu kinachokimbia, na mbuzi hukimbia kila siku. Mbwa wa kuchunga, kama Border Collie, huinama, hukodoa macho na kuwasukuma kondoo waende anakotaka bwana wake. Ukiangalia vizuri, ni windo lililokatishwa kabla ya kuuma. Hata German Shepherd asili yake huko Ujerumani ilikuwa kuchunga kondoo na kuwazuia wasivuke mpaka wa malisho. Hakuumbwa kulala katikati yao.

Mlinzi wa mifugo ni mbwa wa namna nyingine kabisa. Anatembea polepole, hapendi kukimbiza, anawaona mbuzi kuwa ndugu zake, na mgeni asiye mbuzi wala mtu wa nyumbani anamtilia shaka. Ukimwona mchana utadhani ni mvivu, amelala chini ya mbuyu huku mbuzi wanamruka. Usiku ndipo utamsikia.

Kwa hiyo mtu akikuambia mbwa wake ni mkali, bado hajakuambia lolote la kukusaidia. Ukali bila utulivu utakuulia vitoto vya mbuzi kabla fisi hajafika.

Hatua ya tatu: kienyeji, kigeni au chotara

Kuna aina za kigeni zilizozalishwa kwa kazi hii hasa. Uturuki wanaye Kangal na Anatolian Shepherd, Italia wanaye Maremma, na kwenye milima kati ya Ufaransa na Hispania yuko Great Pyrenees. Hizi si porojo. Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limewapa wafugaji mbwa wa Kituruki tangu mwaka 1994 ili wafugaji wasiue duma, na mbwa hao wamefanya kazi nzuri. Hapa kwetu pia, mbwa wa aina ya Anatolian waliwahi kuletwa kwa wafugaji wa vijiji vinavyopakana na Ruaha. Kwa hiyo jambo hili linawezekana.

Swali ni kama wewe utamweza. Kangal hufika kilo 50 na kuzidi, na anakula kama mtu mzima anayelima kwa jembe. Mwezi wa kumi, mtama umekwisha ghalani na maziwa yamekata, nani atamlisha? Mbwa mkubwa mwenye manyoya mengi pia hupata shida na jua letu la Oktoba na Novemba. Tena mbwa aliyetoka nje hana uzoefu na kupe wa huku. Homa ya kupe inayomlaza wa kienyeji siku mbili inaweza kumzika mgeni. Ukimpoteza, umepoteza fedha za mbuzi wengi kwa mara moja.

Botswana walilipima jambo hili. Shirika la Cheetah Conservation Botswana lilichunguza mbwa wa kawaida wa vijijini, wale wa Kitswana, na kuona kwamba wakilelewa na mbuzi tangu wadogo wanalinda vizuri kwa gharama ndogo. Nchi yao ni kavu kama yetu, na mbwa wao ni ndugu wa karibu wa hawa tunaowaita koko na kuwapiga mawe. Huyu wa kwetu amepita kwenye chujio la miaka mingi ya ukame, kupe na njaa. Aliyebaki hai anajua kukaa na maji kidogo, na miguu yake haipasuki kwenye changarawe ya moto.

Chotara nawaogopa zaidi ya wote. Mjini Dodoma wamejaa watoto wa German Shepherd na mbwa wa mtaani, wanauzwa kwa maneno matamu kwamba wana akili ya baba na uvumilivu wa mama. Wapo wanaotokea hivyo, lakini kwa zizi ni bahati nasibu, kwa sababu hamu ya kukimbiza ya baba huja na umbo lake. Rottweiler na Boerboel waache walinde maghala na nyumba. Rhodesian Ridgeback ni mbwa wa kuwinda.

Ningemshauri mtu achukue wa kigeni katika hali moja tu: ana mbuzi au kondoo mia mbili na zaidi, ana mchungaji wa kudumu, ana bajeti ya chakula mwaka mzima, daktari wa mifugo anafikika kwa simu, na mtoto huyo ametoka kwa wazazi wanaolala zizini kweli. Mtoto wa Kangal aliyekulia kibarazani mjini ni mbwa wa kibarazani.

Hatua ya nne: mtafute mama anayefanya kazi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Uliza wachungaji, si wauzaji. Ukienda mnadani Msalato au kwenye mnada wa kwenu, au unapokutana na watu kisimani, swali liwe moja: nani ana mbwa anayekwenda na mbuzi bila kuitwa? Majina mawili matatu yatajirudia. Hao ndio wa kuwatembelea.

Nenda jioni, mbuzi wanaporudi. Piga hodi, salimia, omba kukaa pembeni, na usimwite mbwa. Mbuzi wanapoingia uani, mtazame mbwa mama. Mama mzuri huinuka bila haraka, anakwenda kwao mkia ukiwa chini au katikati, anawanusa mmoja mmoja mdomoni na nyuma, kisha anageuza uso pembeni na kulala mlangoni. Mbuzi nao hawashtuki. Kuna atakayempita akimgusa ubavu. Kitendo cha kugeuza uso ni muhimu kuliko yote. Mbwa anayemkodolea mbuzi macho, shingo imenyooka na mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, anawinda, hata kama mwenyewe anakuambia anacheza.

Kisha mwenye mbwa amtume mtoto alete mbuzi mmoja mbio. Mama akiinuka na kukimbiza, shukuru, kunywa uji, aga.

Muulize mzee mambo matatu. Mbwa huyu amewahi kuua kuku au kitoto cha mbuzi? Mbuzi akizalia malishoni, mbwa hufanya nini? Yapo majike hodari yanayobaki na mbuzi aliyezaa mpaka mchungaji arudi, na hula kondo la nyuma bila kugusa kitoto. Na mwisho: ana umri gani? Mama wa miaka minne au mitano aliye kazini ameshajionyesha. Wa mwaka mmoja bado hujamjua. Kama baba anajulikana, mtazame naye, ingawa kwa mbwa wa vijijini baba mara nyingi ni kitendawili.

Ukimpata mama anayezalia ndani ya zizi lenyewe, chukua mtoto wake hata kama inakubidi kungoja mimba nyingine. Mbwa hubeba mimba siku 63 hivi, si muda wa kukushinda. Watoto waliofumbua macho na kuona mbuzi wamekwisha kuanza shule kabla hujafika.

Hatua ya tano: mchague mtoto

Mchukue akiwa na wiki nane. Kabla ya hapo bado ananyonya na anafundishwa adabu na nduguze. Baada ya wiki kumi na sita mlango wa kuzoea mbuzi unaanza kufungwa, na mbwa wa miezi sita aliyekulia jikoni ni nadra sana awe mlinzi wa zizi.

Kaa chini kati ya watoto. Usimchukue anayejificha nyuma ya sufuria na hatoki, wala yule anayewapanda wenzake wote na kung'ang'ania suruali yako. Angusha bakuli la bati nyuma yao: unayemtaka hushtuka, husimama, kisha huja kulinusa. Mlaze mgongoni kwa mkono mwepesi. Akitapatapa kidogo halafu akatulia, vizuri. Kisha mweke mbele ya mbuzi jike mpole. Anayejilaza, anayelamba mdomo wa mbuzi au anayeangalia pembeni, huyo mfunge kamba nyekundu shingoni ili asibadilishwe siku ya kumchukua.

Angalia pia mwili: macho maangavu, ufizi wa pinki, tumbo lisilovimba kama ngoma, kinyesi kigumu, miguu iliyonyooka.

Dume au jike? Wote hulinda. Jike huingia kwenye joto kama mara mbili kwa mwaka na kukuletea madume ya kijiji kizima zizini. Dume hunusa majike ya mbali na kuondoka usiku ule ule unaomhitaji. Kumhasi dume au kumfunga jike uzazi kunamaliza yote mawili, na hakupunguzi ulinzi. Mwulize afisa mifugo wa kata ni daktari gani anafanya kazi hiyo kwenye wilaya yenu, na ipangwe mbwa akikaribia mwaka.

Rangi si kigezo cha kazi. Ila nampendelea wa rangi nyeupe au ya maziwa, kwa sababu ya watu: usiku wa giza, jirani mwenye mkuki asije akamdhania fisi. Hata wachungaji wa Italia wamempenda mweupe kwa sababu hiyo hiyo, asichanganywe na mbwa mwitu wao.

Kwa Kondoa, ambako Warangi wengi ni Waislamu, wapo wanaosita kufuga mbwa kabisa. Waulize mashehe wenu: hadithi inayojulikana imemtoa mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda kwenye katazo la kufuga mbwa. Kinachobaki ni tahadhari ya mate na vyombo, na mbwa anayeishi zizini na kulia chombo chake huko huko anairahisisha kuliko anayeishi barazani.

Hatua ya sita: wiki nane za zizini

Siku ya kwanza asipitie nyumbani. Mpeleke moja kwa moja zizini, kwenye kona uliyoitenga kwa matawi au mabanzi, awe anawaona mbuzi na kuwanusa bila kukanyagwa. Mjengee kijumba chenye tundu dogo anamopita yeye tu. Ndani weka magunia ya katani na chakula chake, maana mbuzi wakishagundua ugali watamnyang'anya, na mbwa anayenyang'anywa hujifunza kuwachukia.

Mpe wenzake wa kuanzia: vitoto vya mbuzi vilivyoachishwa kunyonya na majike mawili matatu yasiyo na hasira. Mbuzi aliyezaa jana usimweke naye. Kichwa kimoja cha mama mwenye uchungu kinavunja mbavu za mtoto wa mbwa. Baada ya wiki mbili hivi utawakuta wamelala wamebanana wakati wa baridi ya alfajiri, hasa ukiwa umemleta Juni au Julai. Hapo fungua kizuizi.

Watoto wa nyumbani ndio watakaokupa kazi. Watataka kumbeba, kumwita Simba au Popi, kumrushia mpira. Waeleze mapema: huyu ana kazi, na michezo yake ni na mbuzi. Lakini usimfanye mnyama wa pori. Kila siku mtu mmoja au wawili wamshike, wampapase masikio, miguu na mdomo, wamfunge kamba na kumfungua. Mbwa asiyeshikika hachanjiki.

Akifikisha miezi minne hadi mitano atoke na kundi asubuhi, malisho ya karibu, arudi kabla jua halijawa kali. Mchungaji abebe maji yake kwenye dumu. Dodoma mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kuanzia Julai madimbwi yamekauka. Umbali uongezwe kidogo kidogo.

Kwa ng'ombe taratibu ni zile zile, ila mwanzie na ndama, maana teke la ng'ombe mzima halina mazoezi. Kwa kuku sikushauri utegemee mbwa. Wapo wanaozoea, lakini kicheche, nguchiro na kanu huzuiwa na banda lililozibwa chini na juu, na mwewe hamwogopi mbwa.

Hatua ya saba: ujana, kati ya miezi sita na kumi na minane

Huu ndio wakati watu wengi hukata tamaa na kumfunga mbwa mnyororo getini. Mbwa aliyekuwa mpole anaanza kuvuta masikio ya vitoto, kukimbiza mbuzi mmoja mnyonge, kung'oa manyoya ya kondoo. Si ubaya, ni kijana mwenye nguvu na hana wa kucheza naye.

Mkaripie papo hapo kwa sauti nzito ya neno moja, lile lile kila siku, na mtoe kwenye kundi kwa dakika chache. Kumpiga baada ya nusu saa hakumfundishi kitu zaidi ya kukukimbia. Mhamishe akae na mabeberu na majike makubwa yanayojua kujitetea. Pembe hufundisha haraka. Kama bado anakimbiza, mfungie kijiti cha urefu wa mkono wa mtoto kining'inie kwenye mkanda wa shingoni, usawa wa juu kidogo ya magoti. Akitembea hakimsumbui, akikimbia kinamgonga miguu. Kitoe kila jioni ukague shingo, na kiache kabisa akitulia.

Usimwache peke yake na mbuzi wanaozaa mpaka umemwona zaidi ya mara moja akiwa salama. Ukomavu wa kweli huja akiwa na mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Akiua kitoto na kukila kwa mara ya kwanza, mrudishe kwenye kona na umwangalie upya. Akirudia, huyo si wa zizini. Mpe kazi ya kulinda nyumba, na tafuta mwingine.

Chakula na dawa

Ipo imani kwamba mbwa mwenye njaa ni mkali, na wengine huwalisha pilipili. Mbwa mwenye njaa huondoka kwenda jalalani, basi, na siku hiyo zizi linabaki tupu. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Mpe ugali wa mtama, uwele au dona mara mbili kwa siku, uchanganywe na dagaa waliosagwa, maziwa, au damu iliyopikwa ukichinja. Alie zizini daima, ajue chakula kinatokea kwa mbuzi. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vikali.

Mahindi yaliyoota kuvu yasimfikie. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mbwa ni mmoja wa wanyama wanaodhurika upesi na sumu hiyo. Tabia ya kusema mahindi haya mabovu apikiwe mbwa humwua kwa ini.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Halmashauri nyingi hutoa chanjo kuzunguka tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Fuatilia kwa afisa mifugo. Ukimudu, ongeza ya distempa na parvo, magonjwa mawili ya virusi, kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, ikirudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Distempa si ya mbwa peke yao: mwaka 1994 iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje.

Minyoo, wengi hawaitilii maanani, na ndiyo inayorudi kwa mbuzi wako. Mbwa akila ubongo au mapafu yenye vifuko vya maji, anapata tegu, na mayai yake yanamwagika malishoni. Mbuzi akiyala, kifuko huota ubongoni, ndipo unamwona anazunguka upande mmoja, kichwa kimeinama, mpaka anaanguka. Tegu wa jamaa hiyo huwapa watu pia vifuko kwenye ini na mapafu. Kwa hiyo vichwa na matumbo mabichi ya machinjioni yafukiwe au yachemshwe sana, na mbwa apewe dawa ya prazikwanteli kila miezi mitatu kwa kipimo cha uzito wake.

Kupe: mkague masikioni na katikati ya vidole. Ufizi ukipauka, mkojo ukawa wa rangi ya kahawa na amekataa chakula, ni homa ya kupe. Daktari siku hiyo hiyo. Wanaopakana na mapori yenye mbung'o, hasa upande wa Manyoni, waangalie macho yanayoingia ukungu na uso unaovimba, dalili za ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Na usimchome mbwa ivermectin ya ng'ombe kwa kukisia, wala kumpaka dawa ya josho kwa kipimo cha ng'ombe. Mbwa hufa hivyo.

Majirani na hifadhi

Mfungie mkanda wa rangi inayoonekana shingoni, mtambulishe kwa balozi na kwa wafugaji mnaochangia malisho, wajue ni wa nani na wasimrushie mawe akibweka. Akifuata mbuzi, asiingie hifadhini. Atapigwa risasi na wewe utatozwa faini. Na mjadiliane kuhusu sumu. Anayeweka nyama ya sumu kwa ajili ya fisi anavunja sheria, anaua tai wanaosafisha mizoga, na wa kwanza kuila huwa ni mbwa aliyekuwa akilinda.

Mbwa mmoja aliyekomaa anatosha mbuzi hamsini hivi wanaolisha pamoja kwenye uwanda wazi. Vichakani au kwenye vilima utahitaji wawili. Usichukue wawili wa tumbo moja kwa pamoja, watapendana wao na kuwasahau mbuzi, na watakimbiza kwa kushirikiana. Mlete wa pili baada ya yule wa kwanza kufikisha miaka miwili, jike kama wa kwanza ni dume, mweke kwenye kona ile ile ya zizi. Kazi nyingi ya kumfundisha ataifanya mwenzake, mradi umehakikisha wanakula kwenye vyombo viwili vilivyo mbalimbali.